Maji Hayapandi Saa ya Fontaine

17 Agosti 1953

Leo asubuhi patron aliniita mbele ya kikosi chote akasema bomba la maternité, nyumba ya kuzalia ya watawa, Masœur, nitaliongoza mimi, Donat Kapya, bila mzungu wa kunisimamia. Miaka mingi nimebeba mabomba begani huku wengine wakibeba karatasi. Nilimshukuru. Nikamwuliza kama jina langu litaandikwa kwenye karatasi ya kazi. Akacheka: "Kapya, kazi ni ya wewe. Jina ni ya kampuni." Basi nimeshukuru nusu. Nusu nyingine naiweka hapa.

Maternité yenyewe iko mwisho wa avenue yetu hapa mtaa wa Kenya, kando ya mji, pale ardhi inapopanda. Matofali yamekwisha, bati limekwisha, vitanda vimefika na lori kutoka stesheni. Kinachokosekana ni maji. Masœur Clotilde, atakayeiongoza, ameniambia wazi: daktari wa serikali hatatia sahihi mpaka aone kwa macho yake maji yakitoka kwenye robinet, bilula ya chumba cha kuzalishia. Bila sahihi, hakuna mwanamke atakayelala pale.

Brigitte, mke wangu, atazaa mwisho wa Oktoba. Mara mbili nimempeleka hospitali ya mjini, na mara mbili tumerudi wawili tu. Mtoto wa pili alifia njiani, kwenye mkokoteni, tukingoja gari-moshi la madini limalize kupita. Kutoka mlangoni kwetu hadi maternité mtu anaweza kwenda polepole, ameshika kuta za jirani. Kwa hiyo silazi bomba kwa ajili ya Masœur peke yao.

20 Agosti

Nimepima kimo. Chombo changu ni mpira mrefu uliojaa maji, wenye kioo kila ncha. Maji ya ncha mbili hukaa sawa hata kama katikati kuna kilima, na hayamwogopi mtu.

Kutoka maji yanapokomea juu ya mnara wa tangi la mtaa hadi fontaine ya kona, tunapochota maji, mita kumi na sita. Kutoka fontaine kupanda hadi robinet ya chumba cha kuzalishia, mita sita. Kila mita kumi za maji yaliyosimama husukuma kwa nguvu ya kilo moja mahali penye upana wa ukucha. Basi pale kona bomba lina kilo moja na sehemu sita za kumi. Juu kwa Masœur, kumi na sita toa sita ni kumi: kilo moja kamili. Inatosha na kubaki.

Haya sikuyapata darasani. Kule Lukafu mapadri walinifundisha kusoma, kuandika na kugawanya, kisha wakaniambia inatosha kwa mtu wa shamba. Kwa kugawanya nawashukuru. Kwa neno lile la pili, hapana.

Nilimweleza Brigitte wakati wa kula. Akaacha kumega bukari, ugali wetu.

"Mayi nayo iko na kilo? Unaipima pa soko?"

"Kilo ni nguvu ya kusukuma."

"Basi pima muzuri. Mie niko na kilo zangu hapa, na zenyewe hazitangoja."

22 Agosti

Vumbi. Watu wameanza kuchimba mfereji. Hakuna zaidi.

1 Septemba

Fontaine ya kona ina robinet nne na kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ufunguo anao Faustin. Hufungua alfajiri, hufungua tena alasiri, na saa nyingine zote fontaine ni chuma kikavu, yetu na za avenue nyingine vilevile. Ndiyo maana wanawake hupanga mabeseni mapema. Beseni la maua mekundu likiwa mbele, mwenyewe anaweza kuwa sokoni au kanisani, hakuna atakayeliruka. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu. Anayeilinda ni Mama Victorine, jirani wa kona, na hakuna aliyemchagua.

Jana alasiri nilitaka kufunga manomètre pale, ile saa ndogo ya kuonyesha presha. Mama Victorine akasimama kati yangu na kisanduku.

"Baba Kapya, unataka kutukatia mayi saa ya kupika?"

"Dakika kidogo tu, mama."

"Dakika yako itaivisha bukari yangu? Kuya midi. Midi hatuko. Utacheza na fontaine yako yote."

"Bibi yake anajua eko anashika robinet za bantu?" mwingine akauliza nyuma. Wakacheka wote, na mimi nikaondoka na manomètre yangu kwapani.

Leo nimerudi adhuhuri, midi aliyoitaja. Faustin amenifungulia kisanduku huku akipiga miayo. Sindano ikasimama kwenye kilo moja na sehemu sita. Hesabu yangu, bila kupungua. Mtu aliyelelewa na jembe anaruhusiwa kufurahi kidogo.

6 Septemba

Baada ya misa nilikutana na Stanislas. Huyu ni jirani wetu wa ukuta mmoja, mtu wa Kasai, karani kwenye ofisi ya maji. Mwaka juzi tulifanya mtihani mmoja kwa kazi moja ya ofisi. Yeye alikuwa na diplôme ya shule ya mafrère, mabruda wa misheni, mimi nilikuwa na majibu sahihi kama yake, niliyaona kwenye karatasi yake tukitoka. Wakamchukua yeye. Tangu hapo ananisalimia kwa Kifaransa juu ya ukuta, na mimi namjibu kwa Kiswahili.

"Monsieur Kapya, la pression, ulipima saa gani?"

"Midi."

"Ah. Midi mayi inalala. Il faut mesurer, upime mayi yenye inatembea."

Nikamwambia yeye ndiye atembee, njia ni pana. Mke wake Hortense Ngalula, anayeuza mawese sokoni, akageuza uso ili asicheke mbele ya mumewe. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo haikudumu hadi chakula.

11 Septemba

Bomba limefika juu. Adhuhuri nilifungua robinet ya chumba cha kuzalishia: kilo moja kamili, maji yakaruka hadi kifuani kwa Masœur Clotilde. Alibaki amelowa akicheka, akasema "Mungu asifiwe", kisha akasema "na Donat". Hilo la pili nimelisikia vizuri.

14 Septemba

Joto. Brigitte haingii tena kwenye viatu vyake. Anavaa vyangu.

18 Septemba

Naandika kwa mkono mzito.

Daktari alitakiwa asubuhi. Gari lake likaharibika, akafika alasiri, amevaa nyeupe tupu. Patron alikuja na kofia mpya. Masœur alikuwa ametandika vitanda vyote, hata kile cha chumba cha kuzalishia, kana kwamba kuna mtu anangoja mlangoni. Daktari akaniashiria. Nikafungua robinet.

Ikakohoa. Ikatoa uzi wa maji, mwembamba kama wa kushonea. Kisha uzi ukakatika.

Nilifungua kiungo chini ya sinki: pakavu. Nikatoka nje nikafungua vali ya mfereji: wazi, haina kosa. Kutoka chini kwenye kona nilisikia mabeseni yakigongana na sauti ya Mama Victorine ikimwita mtu aliyeruka foleni. Nilirudi ndani. 

Daktari akasema kwa utulivu kwamba anakwenda likizo na atapita tena katikati ya Oktoba. Kama hakuna maji siku hiyo, maternité itangoja mwaka mwingine wa bajeti. Patron akasema, kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa, "Mi nilijua." Masœur hakunigombeza. Aliuliza tu, "Donat, maji yameenda wapi?"

Nilimjibu kwamba maji yapo. Hakuna jibu baya kuliko hilo, maana lilikuwa la kweli.

Walipoondoka nikaketi kwenye ngazi. Faustin alipofunga fontaine kule chini, nikasikia ndani chumba kikinguruma. Nilikuwa nimesahau robinet wazi. Maji yalitoka yenyewe, kwa kilo yake moja kamili, yakajaa sinki, yakashuka sakafuni hadi chini ya kitanda. Nikapiga magoti nikayakausha kwa gunia. Nimepima wiki hizi zote saa ambayo mtaa mzima umefungwa kwa ufunguo. Nilipima maji yaliyolala.

19 Septemba

Brigitte alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Donat, mie mu ile barabara ya muji sipite tena. Nikipita, sitarudi." Aliyasema kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Baadaye: "Muulize ule wa Kasai."

"Sitamuuliza."

"Basi nitamuuliza mie, na tumbo yangu vile iko, na viatu vyako ku miguu."

20 Septemba

Nilimkuta Stanislas uani amefungua baiskeli yake yote, minyororo kwenye karai la mafuta. Nilimweleza ya robinet iliyokauka, nikiwa nimejitayarisha kwa Kifaransa chake. Akafuta mikono, akatazama pembeni, akaanza kunijibu kwa Kiswahili kirefu, na ndipo nikajua. Kiswahili chake kinachechemea. Anaweka maneno ya Kiluba cha kwao katikati, anayageuza, anarudi nyuma kuyatafuta. Hortense akaniambia mbele yake, bila huruma: "Batoto ba mu avenue banamucheka, baba. Njo maana anasemaka Kifaransa na kila muntu, hata na mbuzi."

Miaka miwili nimeona kiburi juu ya ule ukuta. Kumbe ilikuwa aibu.

Hakunikumbusha aliyoniambia Septemba mwanzoni. Kwa hilo peke yake namshukuru kuliko kwa hesabu. Alinieleza hivi: maji yakisimama, kila tone lina nguvu ya kimo chake chote. Yakitembea yanajisugua kwenye ukuta wa bomba toka mnarani hadi kona, na kila mita inakula kidogo ya nguvu ile. Na haili sawasawa. Maji yakienda mara mbili zaidi, hasara inakaribia mara nne.

"Mara nne?" nikauliza. Neno hilo lilinipendeza hata katika taabu yangu.

"Quatre. Tuende tuone."

Alasiri tulishuka na manomètre. Mama Victorine alikuwa mahali pake. Safari hii sikuomba dakika. Nilimwambia daktari amekataa kwa sababu gani, na Brigitte atazaa lini, na wale wawili wa kwanza tuliwazika wapi.

Akanitazama. "Juu ya nini haukusema tangu ile siku?"

"Mulikuwa munacheka."

"Tunachekaka kila siku, Baba Kapya. Kucheka haizibe masikio." Akalichukua beseni lake, lilikuwa la mbele kabisa, akaliweka mwisho wa foleni ili nipate nafasi ya kupiga magoti. Kwa mtu asiyeishi Kenya hilo ni beseni tu limehamishwa. 

Robinet nne wazi: sindano ikashuka hadi nusu kilo. Nusu kilo ni mita tano. Sinki ya Masœur iko mita sita juu. Nimeyaandika haya kwa herufi kubwa kwenye ubao wangu wa kazi: TANO HAZIPANDI SITA.

Kisha Stanislas akaomba robinet mbili zifungwe. Kabla hatujafunga nilipiga hesabu chini kwa kidole. Hasara ilikuwa mita kumi na moja. Maji yakiwa nusu, hasara ni robo, karibu mita tatu. Kumi na sita toa tatu ni kumi na tatu: kilo moja na sehemu tatu. Tukafunga. Sindano ikapanda, ikasimama chini kidogo ya hapo.

"Kidogo," akasema Stanislas, "sababu zile mbili zinabaki zinatoka sasa na nguvu kuliko kwanza." Na kweli, zilikuwa zinawalowesha wanawake miguu. "Muko munapima ama munaogesha?" Mama Victorine akauliza. Tukafungua zote, tukashukuru, tukaondoka.

Tukarudi tukitaja kila njia na kuikataa. Mnara hatuwezi kuuinua. Bomba nene toka mnarani ni kazi ya miaka na ya watu wakubwa. Kuwaambia wanawake wasipike, hapana. Ndipo nikasema: tukinge maji yanapolala. Adhuhuri yana kilo moja pale juu, hayana kazi. Tuyapandishe kwenye tangi juu ya nguzo ya matofali, chini ya tangi iwe mita nne juu ya robinet. Fontaine ikifunguliwa, Masœur atumie ya tangini.

Stanislas akapiga hesabu, akasema mita nne ni sehemu nne za kumi za kilo. Haitamlowesha Masœur kifua, lakini itanawisha mikono ya daktari. Tulicheka pamoja kwa mara ya kwanza. Kiswahili chake kikicheka hakichechemei.

24 Septemba

Patron amekataa tangi. Halimo kwenye mpango. "Saa ya kazi ni ya kampuni, saa ya wewe fanya unataka." Sawa. Matofali yaliyobaki Masœur amenipa. Hortense ametoa mapipa manne ya mawese. Niliyaosha kwa majivu na maji moto hadi mikono ikachubuka, na bado harufu ilikuwepo kidogo. "Batoto batazaliwa na hamu ya kula," Hortense akasema.

30 Septemba

Nguzo imefika kifuani. Mafundi wa kikosi walipita wakacheka, mmoja akarudi kunishikia kamba.

7 Oktoba

Mapipa yako juu, yameunganishwa yote kwa bomba fupi. Adhuhuri yalijaa vizuri, nilisikia kwa kuyagonga: chini penye maji sauti ya ubao, juu patupu sauti ya debe, kisha yote ubao. Alasiri Masœur alifungua robinet, maji yakatoka mazuri. Akanawa mikono. Akajaza ndoo moja. Ndoo ya pili haikujaa. Nilipanda ngazi: mapipa manne, matupu.

Nilikagua kila kiungo. Ardhi chini ya nguzo kavu, hata chungu walikuwa wanapita na vumbi. Maji mengi namna ile hayapotei bila kulowesha kitu. Nikaanza kumfikiria Stanislas na hesabu zake. Nikajiuliza karani wa ofisi ya maji ana sababu gani ya kutaka mtu wa Lukafu afaulu. Naandika nilivyofikiri.

8 Oktoba

Alfajiri Mama Victorine alibisha mlango, amebeba sahani iliyofunikwa ya sombe, majani ya muhogo.

"Aksanti, Baba Kapya. Jana fontaine yetu ilitoka na nguvu, haijatokaka vile tangu tulifika huku. Bantu banasema ni weye."

Nikaelewa pale pale mlangoni. Nilitumia bomba moja, lile lile la kupandisha na la kuteremsha, ili niokoe urefu wa bomba. Fontaine ilipofunguliwa, nguvu ya chini ikashuka, na maji ya tangi yakarudi yalikotoka, yakamwagika kwenye mabeseni ya avenue nzima.

Brigitte alicheka akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Umekunywisha Kenya yote. Na beko banakuletea sombe."

Tulikula sombe ile. Ilikuwa na karanga. Stanislas nilimpelekea nusu, sikumwambia kwa nini.

12 Oktoba

Kinachotakiwa ni clapet: kimlango kidogo ndani ya bomba kinachoruhusu maji kupanda na kujifunga yakitaka kurudi. Patron anasema itaagizwa Ulaya. Mtoto hatangoja meli.

Faustin alisikia, akanijia na chuma chakavu alichokitoa kwenye pampu kuukuu nyuma ya kibanda chake. Mwili wa clapet, shaba nzuri, kimlango kimeliwa na kutu. "Mie nafungaka mayi ya bantu kila siku," akasema, "na kila siku banatukana mama yangu. Tufunge hii yenye batashukuru." Nilikuwa namwita "mtu wa funguo" tu. Kumbe ameanza kazi ya bomba kabla yangu, mguu wake ulivunjwa na bomba la chuma, wakampa ufunguo badala ya mkate wa uzee.

Kimlango kipya nimekikata kwenye mkanda wangu wa ngozi, nikakipa uzito wa shaba. Alasiri tuliijaribu. Nilisikia clapet ikijigonga mara moja ndani ya bomba, tak, na mapipa yakabaki yamejaa. Suruali nafunga kwa kamba.

16 Oktoba

Daktari amerudi. Masœur Clotilde alimwomba aje saa ile ile ya fontaine, kwa makusudi.  Daktari alinawa mikono muda mrefu, mbele na nyuma, hadi kwenye viwiko, huku akitazama dirishani wanawake wakijaza mabeseni. Akatia sahihi. Akampa patron mkono.

Mimi nilikuwa nimesimama na spana. Kibao mlangoni kina jina la kampuni. Nimelihesabu hilo pia. Lakini Masœur, wageni walipoondoka, aliifungua robinet na kuifunga, akaifungua na kuifunga, akasahau kwamba nipo.

24 Oktoba

Ni asubuhi. Nitaandika ya jana yote.

Uchungu ulimshika Brigitte baada ya chakula cha mchana. Alikwenda kwa miguu, ameshika kuta, na viatu vyangu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kulala pale. Wakati wa uchungu wanaume hawaingii. Nikakaa chini ya nguzo ya mapipa na mkono juu ya bomba. Ndani wakifungua robinet, bomba linapoa na kutetemeka kidogo. Ndivyo nilivyokuwa naye.

Alasiri Faustin akafungua fontaine. Clapet ikagonga, tak. Sawa. Mtoto akalia muda si mrefu baadaye. Nilisimama, nikaketi tena, nikasimama. Hakuna aliyetoka kuniita. Bomba likazidi kupoa. Robinet haikufungwa tena.

Masœur akaonekana dirishani na mikono imeinuliwa, nyekundu. "Damu haijakoma, Donat. Nahitaji maji mengi. Yapo?"

Nikagonga pipa. Debe hadi katikati. Wanafua nguo zinazolowa, wanachemsha, wanaosha, wanachemsha tena. Nilipiga hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani nilichukia kuwa hodari wa hesabu: maji yangeisha kabla ya saa ya Faustin kufunga, tena mapema kabisa. Na chini kule robinet nne wazi, nusu kilo, tano hazipandi sita.

Stanislas alikuwa ametoka kazini, amesimama na baiskeli yake langoni.  Alitazama mkono wangu juu ya pipa ambapo ulikuwa unagonga, akasikia mwenyewe. Akairusha baiskeli chini akashuka mbio, na miwani mkononi.

Hortense ndiye aliyenisimulia yaliyotokea kwenye kona, maana alikuwa kwenye foleni. Mumewe alifika hana pumzi, akataka kusema, Kiswahili kikamkimbia, Kifaransa nacho kikamkimbia. Akasema tu: "Brigitte. Mayi. Funga." Watoto hawakucheka. Mama Victorine alifunga robinet yake, beseni lake limejaa nusu. Akasema, "Bote." Mwanamke wa nyuma akauliza wataivisha nini jioni. Mama Victorine akamwambia: "Njaa ya leo utailala." Wakafunga zote nne. Faustin akageuza ufunguo. Kisha, bila kuagizwa, akashika fimbo yake akaanza kwenda kwenye fontaine za avenue nyingine, na wanawake wakiwa mbele yake wakipiga kelele mlango kwa mlango.

Mimi haya sikuyajua. Nilikuwa nimeegemeza kichwa kwenye bomba. Nilisikia clapet ikifunguka. Haigongi ikifunguka, inapumua tu. Kisha bomba lote likatetemeka mkononi mwangu na maji yakaanza kupanda, kwanza kwa uvivu, halafu kwa nguvu yake ya mchana. Nikagonga pipa. Debe. Debe. Debe. Ubao.

Jua lilikuwa bado halijazama Masœur alipotoka. Damu imekoma. Wote wawili wazima. Msichana.

Nilishuka hadi kwenye kona. Wanawake walikuwa wameketi chini kando ya mabeseni yao, hakuna aliyeondoka. Nikasema: wazima, wote wawili. Mama Victorine akaniuliza kama wanaweza sasa kufungua. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Aya, Faustin," na foleni ikaanza tena palepale ilipoishia, kila beseni mahali pake.

27 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha, fupi, imelaza vumbi la avenue nzima. Jina ni Jeanne. Asubuhi nilikuwa maternité, Mama Victorine akaita toka nje, "Mama Jeanne, uko?", na Brigitte hakuitika. Hajazoea. Aliita mara ya pili, nikamwona mke wangu akigeuza shingo polepole, kama mtu aliyeitwa toka mbali, akasema, "Niko."

Stanislas alikuja kumtazama mtoto. Alikuwa ametunga sentensi nzima ya Kiswahili njiani, akaisema yote, na kosa moja tu. Sikulirekebisha.

Alasiri nilirudi maternité kuwaangalia. Nilisimama kando ya sinki wakati Brigitte anamwogesha, na sikuficha kwamba natazama maji zaidi ya kidogo. Yalitoka vizuri, sehemu nne za kumi za kilo.

"Ni baridi," akasema.

"Presha iko sawa."

"Presha sikuulize. Mutoto anatetemeka."

Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa kusukuma maji, si wa kuyapasha moto, hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye hesabu zake.

"Zijifunze," akasema Brigitte, na akaninyooshea taulo.